Waambie Sisi Ni Wawili

Mtaa wa Komarock,
Nairobi.
14 Juni 2025

Mpendwa wajina wangu Waithera,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binamu yako. U mzima? Magoti yanasemaje, na joto la Mombasa limepungua? Sisi tu wazima, Mungu hajatutupa, ila baridi ya Juni imetukamata na mume wangu Wahome anakohoa usiku kucha. Najua umezoea simu zangu, lakini haya nikiyasema kwa simu nitapiga kelele, na jirani ana mtoto mchanga. Afadhali niandike.

Ulisikia kiwanda kilitufuta Februari. Oda za suruali kutoka ng'ambo zilikatika, tukaambiwa asanteni, nendeni. Sikulia sana. Nilijiambia kuna mfuko wa akiba. Miaka yote nimekatwa mshahara, na ukifutwa kazi ukakaa miezi michache bila kuchangia, unalipwa chako. Hicho ndicho kingemrudisha Nyawira wangu shuleni. Yuko kidato cha nne, na tangu muhula ufunguliwe amekaa hapa nyumbani kwa sababu ya karo. Mtihani hautamngoja.

Basi nikaenda. Nikapanga foleni, wakataka barua ya kiwanda. Nikaleta. Wakataka ya chifu. Nikaleta. Mara mtambo umelala, rudi kesho. Kesho yake mtambo umeamka, mwenye ufunguo wa ofisi ameenda mazishini. Nilivumilia, na wewe unajua mimi si mtu wa kuvumilia.

Mwishowe nikafika dirishani. Kijana mmoja anaitwa Kyule akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema, "Mama, unafanya kazi hotelini Mombasa na unakuja kulia hapa?"

Nilidhani ni mzaha. Kumbe anasoma mambo yako, dada! Michango yako ya hoteli inaingia kwangu kila mwezi, kwa hiyo kwao mimi sijafutwa kazi hata siku moja.

Unakumbuka tulivyoandikishwa pamoja kiwandani, kabla hujahamia pwani? Karani aliona Loise Waithera Mbuthia mara mbili, akadhani ni yeye amekosea, akatupatia nambari moja ya uanachama. Angejuaje? Baba zetu ni ndugu, kila mmoja akampa binti yake wa kwanza jina la shosho, mama yao, na la ubatizo pia, na sote tukabeba la guka, baba yao. Nyumbani halijatusumbua, wewe ni Waithera Mrefu na mimi ni Waithera wa Maneno. Pale ofisini nani anajua urefu wako?

Nimewaonyesha kitambulisho, wakasema wao wanafuata nambari ya mfuko. Nikaenda kwa wakili Bedan pale Kayole, akaniandikia kiapo kwamba mimi si wewe. Kyule akakisoma, akauliza ni Loise yupi aliyeapa. Haki ya Mungu, nilitaka kupenya lile dirisha nimshike kola. Mtu mzima naapa mbele ya sheria kwamba mimi ni mimi, na bado naambiwa rudi wiki ijayo.

Sasa nifike kwa lililonikalisha niandike. Nje ya ofisi hushinda dalali mmoja, Phares, kazi yake kusukuma mafaili ya watu. Eti nitie sahihi kwamba kazi ya Mombasa niliiacha Januari, na michango ya tangu hapo ataisogeza yeye hadi miezi ya nyuma. Halafu vyote vinatoka mara moja, vyangu na vyako.

"Si jina ni lako, na nambari ni yako?" akasema. "Nani atakuuliza?"

Nilimjibu vibaya mpaka foleni nzima ikageuka. Lakini niliporudi nyumbani nilimkuta Nyawira anapiga pasi sare ya shule isiyo na pa kwenda. Niliingia chumbani nikafunga mlango, na huko ndani, dada, nilimfikiria Phares. Nakuambia kwa sababu ni jasho lako pia.

Kyule anasema njia ya halali ni moja tu: twende wote wawili na vitambulisho, atuone kwa macho, ndipo agawe ile akaunti. Omba ruhusa kazini. Najua meneja wako ana roho ngumu, lakini wageni si wengi msimu huu. Utalala kwangu, na mukimo nitakupikia mpaka ukatae.

Nisalimie shemeji Walter na Shiku wenu. Wahome na Nyawira wanakusalimu, na baba yako mzee Maina anauliza kama bado unaimba kwaya. Mungu aliyemtunza shosho akufungulie barabara.

Lakini njoo upesi. Phares huwa pale kila asubuhi, na mimi ninazidi kuchoka kumjibu vibaya.

Wako akupendaye, na hadi leo bado mwaminifu,

Loise Waithera Mbuthia
(yule wa Maneno)