Miwani ya Kabula

Ijumaa, usiku

Miguu inaniwaka. Soko zima la Mpanda nimelizunguka kutafuta miwani ya kuogelea, maana kesho Kabula wangu anashindana ziwani Ikola, na kila akitoka mazoezini macho yamemwiva kama pilipili. Akiogelea amefumba, boya la kuzungukia ataliona wapi?

Muuza vipuri akanipa ile mikubwa ya bodaboda. "Mama Kabula, hii vumbi la barabara ya Kakese halipiti, maji yatapitia wapi?" Nikaona kweli. Tena inang'aa, watu wa ufukweni wangejua huyo ni binti wa nani.

Jioni Kabula akaivaa, akainamisha uso kwenye beseni. Maji yakajaa humo ndani.

"Mama, ina matundu ya hewa hii," akasema, anacheka polepole asiniumize. Kumbe leo mwalimu wake kamwazima midogo ya kuogelea yenye mpira. Akaibandika machoni bila kufunga mkanda, ikanata yenyewe. "Ikinata hivi, maji hayaingii."

Nimechoka, na aibu kidogo. Ila mtoto anayejua kupima miwani namna hiyo, katoka tumbo la nani?

Lile ziwa naliogopa, lina kina. Lakini nitakwenda. Gari la shule halibebi wazazi, nimepata nafasi nyuma ya fuso. Ile mikubwa nitaivaa mimi njiani, nifike macho hayana vumbi, nimwone vizuri akitoka majini.