Petero, Diwani Anasema Ulimwambia

Petero, wewe mzee mbishi,

Leo ni Jumamosi, jua limeshapanda, na mimi niko nyumbani. Usishtuke, siumwi. Nimefutwa kanisani. Jina langu, Zakaria, lililokaa katika kitabu cha Wasabato tangu nilipooa, limepigwa mstari. Najua unacheka. Cheka, lakini ukimaliza unisikilize, maana habari hii inakuhusu kuliko inavyonihusu mimi, na huko uliko sidhani kama una ng'ombe wa kukamua.

Mwandiko utanisamehe. Ni wa darasa la tatu. Mwalimu aliniacha hapo, na mimi nikamwacha hapo hapo.

Unakumbuka josho tulivyolianza? Ndigana ilikuwa imefagia ng'ombe wa mlima huu mpaka watu wakasahau chai ya maziwa ina rangi gani. Wewe ukatoa kipande chako pale kijitoni, chini ya migomba, bure kabisa, ukasema ng'ombe wa kila mtu wataoshwa hapo kupe watoke. Ninyi Wakatoliki mkachimba Jumamosi kwa sababu Jumapili mna misa. Sisi tukachimba Jumapili kwa sababu Jumamosi ni Sabato. Ninyi mkaanzia juu, sisi tukaanzia chini, kila watu na kamba yao, na hakuna aliyewahi kuwaona wenzake wakishika jembe. Siku bwana wa mifugo alipokuja kutazama, shimo lilikuwa limepinda kama pembe ya fahali. Akauliza, "Hawa ng'ombe wenu wanajua kuogelea wakikata kona?"

Aibu ile! Ndipo tukachaguliwa sisi wawili, wewe msimamizi wa Jumamosi na mimi wa Jumapili, tuwe tunakutana shimoni kila Jumatatu baada ya kukamua, tunyooshe kamba. Ulikuwa unasimama kule juu, mikono nyuma kama hakimu, unasema, "Wasabato mnachimba kama watu wanaozika kuku." Na mimi nakwambia upande wenu umenyooka kwa sababu mnachimba kidogo kidogo, mnapumzika sana. Tunatukanana hivyo, huku kamba inanyooka.

Kisha kifua kikakukamata, na baada ya mwezi mmoja tukakuzika upande wa kulia wa nyumba yako.

Sasa sikia. Siku ya mazishi diwani wetu, yule uliyempa jina Nusu Saa kwa sababu hufika kila mkutano amechelewa na kusema ana nusu saa tu, alisimama mbele ya jeneza lako na kitambaa machoni. Akasema, "Petero ameniachia josho hili mikononi mwangu." Petero, wewe hukumwachia mtu yule hata kijiko! Nilitaka kusimama, lakini Nyaboke wangu akanivuta koti. Wanawake wetu wanatujua.

Tangu siku ile umekuwa msemaji kuliko ulivyokuwa hai. Baraza la chifu, Petero alisema. Soko la Marani, Petero alisema. Nusu Saa anadai alikutembelea hospitalini siku moja kabla hujafa, ukamnong'oneza kwamba pale kijitoni pana maji mengi, josho lihamishiwe mahali pakavu. Na unajua mahali pakavu ni wapi? Mbele ya lango lake! Ng'ombe wa mlima mzima wapite mlangoni pake, akipenda afungue, asipopenda afunge. Mtu asiyempigia kura abaki na kupe wake.

Na alivyo mjanja, hakutugombanisha kwa mambo ya shamba. Alitugombanisha kwa Mungu. Kwenu akasema Wasabato wamehamisha vigingi ili josho liwe mali ya kanisa lao. Kwetu akaja akasimama kando ya mlango wa kanisa, akasema Wakatoliki wanangoja tu saruji ikauke wamlete padri alibatize. Na watu wakaamini! Watu wazima, wenye wajukuu! Mzee mmoja wetu aliniuliza kama ng'ombe aliyeoga maji ya padri, maziwa yake yanaruhusiwa. Nilimwambia kwa ng'ombe sijui, lakini yeye ndiye angefaa kutumbukizwa. Hakucheka.

Basi majembe yakawekwa darini. Hakuna aliyechimba Jumamosi, hakuna aliyechimba Jumapili. Mvua ikajaza shimo letu, vyura wakahamia. Na Jumatatu... Nitakwambia hili mara moja tu, usilitumie kunicheka. Jumatatu nilikuwa naenda vilevile. Nakamua, nachukua kamba, nasimama upande wangu wa chini. Natazama kwenye migomba. Kisha nakunja kamba, narudi.

Kumbe wakati huo ndigana ilikuwa imemchukua ng'ombe mmoja wa mkeo Bosibori. Amebaki na yule mwekundu, na maziwa yake ndiyo yanayowaweka wanao shuleni. Ijumaa moja, kabla jua halijatua, Bosibori akaja hapa kwangu. Hakukaa. Akasema, "Kesho wanaume wetu wanakuja kubeba mawe ya kuta tuliyokusanya, wayapeleke kwa diwani. Diwani amechagua Jumamosi kwa sababu anajua nyote mtakuwa kanisani. Shemeji Zakaria, wewe na Sabato yako mtanisaidia nini?"

Nilimpa ndizi akakataa.

Asubuhi nilikwenda kanisani na koti langu jeusi, nikakaa mahali pangu. Mhubiri alikuwa anasoma habari za watu wa zamani waliotendeana mabaya, nami nikawa nawaza ya hawa wa sasa. Sikuweza kuvumilia. Nikasimama. Mzee wa kanisa akaninong'oneza, "Mzee, unakwenda wapi?" Nikamjibu kwa sauti yangu ya kawaida, na unaijua si ndogo: "Nakwenda kuchimba."

Kijitoni niliwakuta wanaume wenu kumi na zaidi wanapakia mawe kwenye mkokoteni wa maksai. Ndugu yako Mosota ndiye aliyekuwa mbele. Sikuwasalimu. Nilivua koti nikalitundika kwenye mgomba, nikakunja suruali, nikaingia shimoni na vyura wake, nikaanza kutupa matope nje. Mkokoteni ukasimama.

Mosota akasema, "Mzee Zakaria, leo si Jumamosi?"

"Ni Jumamosi."

"Na unafanya kazi?"

"Wewe unaona nacheza?"

"Lakini tuliambiwa ninyi Wasabato mmekataa kuchimba kwenye shamba la Mkatoliki. Mmekubali mawe yahamishwe."

Nikamwambia, "Msabato ndiye huyu mbele yako, na matope mpaka magotini. Niulize kama nimekubali."

Nikamweleza habari ya padri na saruji, jinsi tulivyoambiwa sisi. Mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, mpaka kicheko kikaisha chenyewe wakabaki wamenuna. Mtu akigundua amefanywa mjinga huanza hivyo. Mosota akashusha jiwe la kwanza kutoka mkokotenini.

Nusu Saa akafika, viatu vinang'aa. Akauliza kwa nini mawe yanashushwa. Akaanza ule wimbo wake, "Marehemu aliniambia mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono..."

Hapo Bosibori akatokea kwenye migomba. Petero, ungemwona. Alisema polepole, kama mtu anayechambua mboga: "Mheshimiwa, mume wangu siku tano za mwisho hakuweza kuniambia hata nimpe maji. Mimi nilikuwa naangalia macho yake nibahatishe. Wewe alikuambia kwa mdomo gani?"

Nusu Saa akatazama saa yake, akasema ana mkutano Ogembo. Akaenda.

Usidhani yameisha. Ameandika barua kwa wakubwa kwamba josho la kijitoni lina fujo, na shimo lake la mbele ya lango limeshachimbwa nusu. Bwana wa mifugo amesema waziwazi: dawa ni ya josho moja, na ataipeleka kwenye lile litakalokuwa na kuta kwanza. Kwa hiyo ni mbio. Yeye ana vibarua wa kila siku. Sisi tuna Jumamosi yenu na Jumapili yetu, maana watu wetu wamerudi, hata yule wa maziwa ya padri amerudi.

Lakini mimi ndiye niliyefutwa! Wazee watatu walikuja hapa, wakanywa uji wangu, wakasema nimevunja Sabato mbele ya Wakatoliki. Nikauliza, ningeivunja peke yangu ingekuwa nafuu? Wale waliobeba uongo wa diwani kutoka mlango wa kanisa mpaka kila jiko, hakuna aliyeguswa. Uongo hauna siku ya kupumzika, unafanya kazi hata Sabato, na hakuna anayeufuta. Hilo linanichoma, Petero. Na Nyaboke anapita na kitambaa chake cheupe cha kanisani bila kunisemesha. Hilo silifanyii mzaha.

Mosota ndiye anayekuja Jumatatu siku hizi. Mtu mwema. Ananyoosha kamba vizuri sana. Hajui kutukana.

Sasa ahadi yangu. Kila Jumamosi nitakuwa shimoni kwenye ule upande wenu wa juu, mpaka kuta zisimame na ng'ombe mwekundu wa Bosibori apite ndani akipiga chafya. Wakinirudisha kitabuni, nitashukuru. Wasiponirudisha, nitachimba.

Na la pili. Watu wameanza kuniuliza, "Petero angetaka tufanye nini?" Mimi pia nilikuwa karibu kuwajibu. Sitajibu, mzee mwenzangu. Mtu akitaka josho liwe kijitoni aseme ni yeye anataka, kama mimi Zakaria ninavyosema. Wewe umemaliza kusema. Yeyote atakayeanza na "Petero aliniambia", awe diwani, awe chifu, awe rafiki yangu, nitamnyamazisha.

Wameanza kuimba kule kanisani. Sauti ya Nyaboke naisikia, ni ile inayotangulia wenzake. Nafunga daftari.

Lala, Petero. Wenzako wananingoja, na jembe lako ninalo mimi.

Zakaria