Kamati ya Kumchagulia Baba Bunduki

Jumamosi, 10 Novemba 2018. Irving.

Upepo wa kaskazini umeingia tangu asubuhi, ule unaowatoa watu wa Texas kwenye kaptula na kuwatia kwenye makoti kabla ya saa sita. Nimejifunika blanketi na ninacheka peke yangu. Kila nikitulia namkumbuka Anko Onsongo akivua shati mbele ya watu, naanza tena.

Nianze vizuri.

Kama umefika hapa kwa bahati mbaya, mimi ni Moraa, nina miaka kumi na sita, na naongea vizuri zaidi nikiandika. Baba yangu ni nesi wa zamu ya usiku. Nikienda shule ndiyo anarudi, nikirudi amelala, nikilala anaondoka. Naujua mkoromo wake kuliko ninavyoijua sauti yake.

Mwezi uliopita, Travis, anayefanya naye kazi wodini, alimwalika shambani kwa wazazi wake, mbele ya Fort Worth, Ijumaa ile inayofuata Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi huu. Huku watu hualikana kupiga makopo risasi kama sisi tunavyoalikana nyama choma. "Njoo na familia," Travis alimwambia, "na uje na bunduki yako." Baba hakuwa na bunduki. Ujasiri wa kusema hana, huo pia hakuwa nao.

Alirudi nyumbani akatangaza kwamba anataka ile ya wachunga ng'ombe wa sinema. Unaijua: chini yake kuna pete ya chuma ya kuingiza vidole. Unaisukuma pete chini, unairudisha juu, na risasi nyingine imeshapanda. Zipo zinazotumia risasi kubwa za kuwindia, na zipo zinazotumia risasi za bastola, fupi na pole kidogo, ambazo kwa makopo zinatosha na kubaki.

Mama siku ya shamba atakuwa kazini. Alikubali, kwa sharti moja. "Baba Moraa, ikiwa hiyo bunduki itampiga mtoto wangu teke, mtoto atabaki hapa. Uende na Travis wako."

Kwa hiyo kuchagua risasi ilikuwa ni kuchagua kama nitaenda au nitabaki. Nadhani ni mimi tu niliyeliona hilo.

Nilisoma wiki mbili nzima. Mtihani wa kemia ulipita karibu yangu bila kunisalimia. Niligundua kwamba bunduki ya 357 hukubali pia risasi ya 38, iliyo fupi na pole, kwa hiyo Baba angeweza kutumia yake kali na mimi yangu ya upole katika bunduki ileile. Niligundua pia kwamba ile pete haijali mkono. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nyanya bado hujaribu kunirekebisha kwa simu kutoka Kisii, na hapa nilikuwa nimepata chombo kisichonilaumu.

Nilikuwa na kila kitu isipokuwa namna ya kukisema.

Alhamisi jioni kamati ilikaa sebuleni kwetu. Kwetu kitu kikubwa hakinunuliwi na mtu mmoja. Shamba, ng'ombe, mke, watu huenda kwa pamoja. Baba aliketi katikati. Kulia kwake alikuwa Anko Onsongo, dereva wa lori na mzee wa kanisa letu, ambaye ndiye msemaji kwenye mahari zote za Wakenya kuanzia Plano hadi Missouri City. Kushoto alikuwa jirani yetu, Mzee Ndayi, Mrundi Mkatoliki anayefanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Yeye alikuja kwa ajili ya chapati na hakuficha.

"Ni foti-foo," Anko alisema, yaani ile ya 44, kubwa kuliko 357 yangu. "Daktari, mwanaume anachukua foti-foo. Hizo zingine ni za kufukuza ndege kwa mtama." Humwita Baba daktari tangu zamani, na Baba ameacha kumsahihisha.

Baba alitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe.

Nilikuwa nikimimina chai. Nikasema, kwa sauti ambayo hata birika haikuisikia, kwamba 44 inapiga teke. Hakuna aliyegeuka. Nikajaribu tena, nikatoa ukweli mwingine, kwamba ndani ya bunduki hizi risasi hupanga foleni kwenye bomba, ya nyuma ikiigusa ya mbele kisogoni, ndiyo maana hutakiwi kuweka zenye ncha kali, zinaweza kulipuana.

Anko aliiweka chini chapati yake.

"Huyu mtoto anasoma nini usiku?" alimwuliza Mama.

Mzee Ndayi ndiye aliyeniokoa, nusu. "Miye bunduki najua sauti yake tu," alisema, "na wakati huo nilikuwa nimeipa mgongo. Kura yangu ni kwa ile yenye kelele kidogo. Mama Moraa, kuna chai bado?"

Kamati ikafungwa bila uamuzi. Tukakubaliana kwenda kuiona.

Leo saa nne walitokea wote watatu wamevaa suti na tai. Nilimwuliza Mama kwa nini. Alisema Baba amewaza sana: mtu mweusi mmoja akiingia duka la bunduki na jaketi, huyo ni mtu mweusi na jaketi. Watatu wakiingia na tai, huo ni mkutano. Alisema hivyo akicheka, halafu akaacha kucheka, akanikunjia kola vizuri.

Duka liko barabara ya kwenda Fort Worth, na nyuma yake kuna ukumbi wa kujaribia. Nyuma ya kaunta alikuwa mama wa nywele nyeupe, jina lake, Darlene, limeshonwa kifuani. Anko Onsongo alisonga mbele, akafunga kifungo cha koti, akaanza. Aliongea Kiingereza, lakini hotuba ilikuwa ileile ya mahari, neno kwa neno.

"Mama, habari ya hapa? Watu wa nyumba hii wazima? Sisi tumetoka mbali. Sisi si wezi. Tulikuwa tunapita njia, tukasikia kwamba ndani ya boma hili kuna kitu kizuri."

Sisi si wezi. Ndani ya duka la bunduki.

Nilichunguza viatu vyangu. Baba alinong'ona, "Onsongo, mwambie tu ni bunduki." Anko akajibu bila kugeuza kichwa, "Hatujafika huko. Usiharakishe mambo."

Bi Darlene alitutazama mmoja mmoja: tai, tai, tai, mimi.

"Mpenzi," alimwambia Anko kwa upole sana, "mmependeza kweli, lakini mimi tayari nina kanisa."

Mzee Ndayi alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha Bi Darlene akaelewa, naye akacheka, na ndani ya dakika chache kulikuwa na bunduki mbili mbele yetu: 44 yenye shaba inayong'aa kama vyombo vya altare, na 357 nyeusi isiyo na makuu. Niliona macho ya Baba yalipoenda. Yalienda kwenye shaba.

Ukumbini tulivalishwa miwani na vifuniko vikubwa vya masikio. Tuliambiwa tusimame nyuma ya mstari wa manjano. Anko alisimama pale kwa muda anaoweza kusimama Anko, kisha akasogea hadi begani kwa Baba ili amshauri.

Baba akafyatua 44. Niliuhisi mlio kwenye meno. Akashusha pete, na ganda la risasi, la moto kama kaa, likaruka juu, likapinda vizuri hewani na kuingia ndani ya kola ya Anko Onsongo.

Sijawahi kuona mzee wa kanisa akicheza hivyo. Koti likaenda, tai ikaenda, vifungo vya shati vikaruka, huku akipiga kelele ambazo vifuniko vilituokoa tusizisikie. Bi Darlene alikimbia kuja. Mzee Ndayi alimzuia kwa mkono.

"Muache," alipaza sauti. "Kwao ndio wanasali hivyo!"

Baba aliiweka bunduki chini polepole, akajisugua bega. Lakini bado aliitazama ile shaba. Nilimfahamu. Alikuwa anamwona Travis akiitazama pia.

Kisha Bi Darlene akaniwekea 38 kwenye ile nyeusi na kunionyesha pa kusimama. Nikaishika kwa mkono wangu wa kushoto. Nilijua kila kitu kuhusu bunduki ile, na mikono yangu haikuwa imesoma hata ukurasa mmoja. Nilifyatua. Ilinigusa begani kama mtu anayeomba kupita. Nilifyatua tena, na tena. Karatasi yangu ya shabaha ilibaki safi kabisa. Ya mtu wa pembeni yangu ilikuwa na matundu matatu.

Nikageuka. Baba alikuwa nyuma yangu.

"Hii haipigi teke," nilisema.

"Nini?" Baba aligusa vifuniko vyake.

"Inakubali risasi za aina mbili."

"Nini?"

Hapo nikajua kwamba wiki mbili nilikuwa nikitetea risasi, na sikuwa nataka risasi hata kidogo. Nikajaza kifua. Mimi, ambaye shuleni hukubali kuandikwa mtoro kuliko kuitikia jina.

"NATAKA KWENDA NA WEWE!"

Bila shaka hakukuwa na mtu anayefyatua kwa wakati huo. Ukumbi mzima uligeuka. Anko, akiwa na fulana, aliacha kutafuta vifungo.

Baba alinishika bega, tukatoka mlangoni, akavua vifuniko vyake na kisha vyangu. "Mimi nilidhani unasoma haya mambo kwa sababu unapenda kusoma," alisema. Alionekana kama mtu aliyeamshwa. "Nilidhani shamba litakuchosha. Nikawa naogopa kukuuliza, usije ukakubali kwa heshima tu."

Alirudi ndani akagonga kaunta kwa kidole. "Tuchukue ile nyeusi."

Anko, akiwa na koti bila shati, alitoa hotuba ya shukrani kwa wazazi wa upande wa pili. Bi Darlene aliinamisha kichwa. Nafikiri alidhani ni sala.

Sasa Baba amelala, ana zamu usiku. Bunduki imefungiwa, ufunguo anao Mama. Mkoromo unapita ukutani kama kawaida.

Ni mwendo wa saa moja na nusu mpaka kule shambani, na kurudi ni saa moja na nusu. Mimi na Baba, ndani ya gari, yeye akiwa macho.

Tutaongea nini?