Nusu Mbili za Samaki Mmoja

Makiso, Kisangani, tarehe 3 Machi 2024

Papa,

Mbote mingi. Mgongo unaendeleaje? Na moshi wa kukaushia samaki, hauumizi macho? Mimi ni mzima, ila chumba kimekuwa kikubwa tangu Rosine, niliyekaa naye, ahame.

Kaye yako, lile daftari la samaki, imefika kwa boti ya Dominique. Asubuhi thelathini, samaki thelathini, kila mmoja umempasua nusu mbili: moja umeikausha kwenye pipa la zamani, nyingine kwenye tanuri ya udongo. Na umeandika siku ambazo kila nusu ilikaa kabla ya kuota ukungu. Kwanza nilichagua kipimo cha takwimu kisichofaa, nikazihesabu nusu kama zimetoka kwa samaki tofauti. Profesa Alphonse akanirudisha: nusu za samaki mmoja ni jozi, tazama pengo ndani ya kila jozi. Nikatazama. Kama tanuri haisaidii kitu, bahati ingeleta pengo kubwa hivi mara nne tu katika elfu. Nilicheka peke yangu, papa. Kwa matokeo hayo nafasi ya kazi kwenye maabara ni yangu.

Lakini Profesa amezungushia wino samaki wa 15 hadi wa 22. Kwa wote wanane, tanuri imeshinda kwa siku mbili kamili. Anasema samaki hawalingani hivyo. Nimjibu nini?

Mtoto wako, Claudine

Makiso, tarehe 24 Machi

Papa,

Unalala vizuri? Unakula? Dominique amerudi mara tatu mikono mitupu. Ninatetea kazi yangu ya kuhitimu mbele ya jopo tarehe 12 Aprili. Kama umekasirika, niandikie hata hasira yenyewe.

Claudine wako

Barumbu, tarehe 2 Aprili

Claudine mutoto wangu,

Mbote. Niko, donc basi usiogope. Sikukasirika, niliona haya. Asubuhi zile nane nililala na homa, sikupasua samaki hata mmoja. Tangu mama yako atuache hakuna wa kuniletea maji. Nilipoamka nikaona mistari mitupu, nikasema mutoto atafeli kwa sababu yangu. Samaki wengi wa kabla ya hapo walionyesha siku mbili, basi nikaandika mbili. Nilitaka ushinde. Waache hivyo, nakuomba. Nani atajua?

Papa yako Ruphin

Makiso, tarehe 15 Aprili

Papa,

Homa imekwisha kweli? Usinifiche tena.

Nimewafuta wote wanane. Kwa ishirini na wawili waliobaki, bahati ingeweza kuleta pengo lao mara nane katika mia, na mimi na Profesa tulikubaliana iwe chini ya tano. Jopo wakauliza: basi tanuri na pipa ni sawa? Nikasema hapana, ila sijaweza kuonyesha tofauti, samaki ni wachache. Wamenipitisha kwa alama za chini. Nafasi ya maabara amepewa mwingine.

Hiyo inauma, sitakudanganya. Inaniuma zaidi kwamba uliugua siku nane na mimi nikajua kwa hesabu. Ningepanda boti leo, lakini nimeanza kufundisha hapa mpaka mwisho wa Juni. Nitakuja baada ya hapo.

Claudine wako

Barumbu, tarehe 14 Julai

Claudine mutoto wangu,

Mbote. Homa haijarudi. Juni imekwisha, na Dominique amefika Ijumaa mbili bila wewe. Labda kazi imezidi, sikulaumu. Nyumba iko kimya tu.

Nimepasua samaki wanane, wa kweli safari hii. Tanuri imeshinda kwa wanne, pipa kwa wawili, wawili wamelingana. Sijui kipimo chako kitasema nini. Nimeandika nilichoona.

Wa tisa hayumo kwenye kaye. Nusu yangu nimekula peke yangu. Nusu yako ninairudisha kwenye moshi kila asubuhi, isiote ukungu.

Papa yako