Leso Uliyokufa Nayo

Mpendwa Mama,

Barua hii ningekuandikia ukiwa hai. Niliogopa, basi.

Unakumbuka hija yako? Ulitembea siku mbili mpaka parokia walikoleta masalia ya mtakatifu, vifupa vidogo ndani ya sanduku la kioo. Ukapanga foleni toka asubuhi, ukabandika leso yako nyeupe kwenye kioo kile, ukarudi na miguu imevimba. Nilipoondoka Bukavu ukanitia leso hiyo mfukoni. "Imegusa mtakatifu hii. Usiifue."

Hapa Durban nikajifanya msomi. Darasani kule Glenwood tulisoma habari za Wakristo wa Ulaya ya zama za kati: walivyotembea miezi kwenda kugusa kaburi la mtakatifu, walivyokwangua vumbi lake wakalinywa na maji, na matapeli waliowapa mifupa ya nguruwe wakisema ni ya mtume. Profesa akauliza kama kuna aliyewahi kuona mambo hayo siku hizi. Nikanyoosha mkono. Nikakutaja wewe, miguu yako na leso yako. Darasa likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mama yangu mzazi! Hata kuandika haya uso unaniwaka.

Kesho yake kazini, kwenye duka la simu mtaani Overport, nikaitumia leso yako kupangusia skrini za simu za wateja mpaka ikawa nyeusi, nikaitupa.

Na kila ulipopiga simu: "Mwanangu, leso iko?"

"Iko, Mama. Iko chini ya mto."

Kisha ukaugua. Dada Furaha akanipigia: "Mama anataka leso yake imlalie kifuani. Tafuta mtu anayesafiri." Eish! Siku ile ndiyo ningesema. Badala yake nikanunua leso mpya, nikaifua mara tatu, nikaikunjakunja ionekane ya zamani, nikamkabidhi msafiri. Wale matapeli wa kitabuni angalau waliwadanganya wageni.

Furaha anasema uliibusu, ukaniombea kwa jina. Ukafa umeishika. Mimi na makaratasi yangu ya ukimbizi sikuweza kuja kukuzika.

Njia ya mwongo ni fupi, ulikuwa ukisema. Furaha ameitunza leso, na akina mama wa parokia wanakuja kuigusa. Jumapili anataka niwatolee ushuhuda kwa simu jinsi ilivyonilinda ugenini. Siwezi, Mama. Nitampigia kabla, nimwambie yote. Atanitukana, na ana haki.

Nitamwambia leso niliyotuma haikuwahi kugusa mtakatifu yeyote, mpaka ilipofika kifuani kwako. Lakini utakatifu huo ni wako wewe. Mimi haunisafishi.

Pumzika, Mama. Sina uso wa kukuomba kitu, ila ukiweza, niombee tena, safari hii ukijua nilichofanya.

Ni mimi, mwanao uliyemwamini.