Gari la Rangi ya Damu ya Mzee

Dada yangu mpenzi,

Gari limefika, na tayari amelichukua mtu mwingine. Nimeanza na hilo kwa sababu nikilibana kifuani hadi nimalize salamu nitapasuka. Sasa nishike adabu.

Shikamoo, Dada. Magoti yanaendeleaje, na ile presha imekubali kushuka? Shemeji hajambo? Na wajukuu wetu, yule mdogo ameota meno au bado anatafuna kwa fizi? Sisi huku ni wazima wa mwili. Moyo ndio nisikudanganye. Uniwie radhi kwa mwandiko, unajua shule na mimi tuliachana mapema, halafu leo mkono wenyewe una hasira.

Nianze na mwanao, kitindamimba wangu, yule mliyekuwa mkisema ana kichwa kikubwa bure. Kichwa hicho sasa kinasimamia wahandisi wote wa daraja wanalojenga huko aliko. Wote, Dada. Wanaume wenye ndevu zao wanamngoja aseme ndiyo ndipo wamwage zege. Basi mtoto huyo alinipigia simu akasema baba yake hawezi kumaliza umri wake akitazama geti. Shemeji yako, kama ujuavyo, ameendesha malori ya watu maisha yake yote na hajawahi kuwa na chake, hata baiskeli. Tangu lile gogo liteleze wakati wa kupakua na kumwangukia mguuni, hajashika usukani. Mwanao akasema gari la baba yake halitakuwa la mitumba. Litaagizwa jipya kiwandani, litengenezwe kulingana na mguu wake, naye atalipa kila kitu. Mimi niende tu kwenye duka la magari nikatoe maelezo, kwa kuwa yeye yuko mbali na ninayeishi na mgonjwa ni mimi.

Ungeniona siku hiyo. Nilivaa ile nguo ya harusi ya mwanao mkubwa na viatu vinavyonibana. Sakafu ya duka lile inang'aa mpaka unaona aibu kuikanyaga. Nilipewa kiti cha ofisi chenye magurudumu, na maji baridi kwenye glasi, na muuzaji mwenye tai akaniita mama kila neno la pili. Akasema ingefaa mzee mwenyewe aje apimwe. Nikamwambia mgonjwa hasumbuliwi, kila anachotaka kujua kuhusu mwili wa mume wangu aniulize mimi. Akaniuliza, nikajibu, akanionyesha picha, nikaonyesha kwa kidole. Mwishoni akanipa rangi nichague, nikachagua damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea, yenye heshima. Mlangoni mwa duka palikuwa na gari jingine la namna hiyo hiyo, limesimama kama la maonyesho, lina rangi ya maji yaliyokwisha kufuliwa nguo. Nilimwambia muuzaji namhurumia atakayepelekewa hilo nyumbani.

Sasa, kosa langu nililijua mapema, sikuweza kufunga mdomo. Nilimwambia shemeji yako jioni ile ile, nikawaambia majirani, nikamwambia anayeuza mkaa, nikamwambia daktari wa meno akiwa ameniwekea vyuma mdomoni. Nilimleta fundi akabomoa nguzo moja ya geti ili lipanuke. Shemeji yako akatoa lile shati lake la buluu la safari, akalipiga pasi mwenyewe akiwa ameketi. Akaanza tena mazoezi ya mguu aliyopewa hospitali, yale niliyomsihi mpaka nikachoka. Alikuwa akijiinua kwa kushika meza na kuhesabu kwa sauti, na mimi jikoni nahesabu naye.

Kisha tukaanza kungoja.

Kwanza waliniambia kiwanda kina foleni. Nikakubali, kitu kizuri hakikosi foleni. Halafu wakasema kuna kifaa kidogo cha pedali hakijafika kiwandani, maana agizo letu si la kawaida. Halafu gari limetoka, meli haijapatikana. Halafu meli imepatikana, bandari imejaa. Kila nikienda, muuzaji ananyanyuka kwa heshima, ananipa maji baridi, ananipa jina jipya la shida. Nilifika mahali nikawa nasikia glasi tu nakasirika. Nilikuwa nikiingia naweka mkoba wangu juu ya boneti la lile gari la rangi ya maji machafu, naegemea hapo, nagomba. Muuzaji ananiomba taratibu nisiegemee. Namwambia hili nani atalinunua, acha angalau lifanye kazi ya meza.

Huku nyumbani geti likawa wazi upande mmoja kama mdomo uliong'oka jino. Mbwa wa mtaa wakawa wanapita kwetu kama barabara yao. Yule mshonaji wa ng'ambo ya barabara, unamjua ulimi wake, alinipa jina la Mama Kesho. Nikipita na kikapu anauliza kama gari linakuja kwa miguu, na kama ni hivyo basi limpitie na yeye anunuliwe uzi. Wateja wake wanacheka na pini mdomoni. Mimi nacheka nao, nikifika ndani napiga sufuria.

Lakini Dada, hayo ningeyabeba. Nilichoshindwa kubeba ni shemeji yako. Mwanzoni alikuwa akiniuliza nikirudi, wamesemaje? Baadaye akawa ananitazama usoni tu, anajua. Kisha akageuza kiti, akawa analipa geti mgongo. Mazoezi yakapungua, yakaisha. Lile shati nililikuta limerudi chini kabisa ya kabati. Siku moja, nikimkanda mguu, akaniambia nimwambie mtoto asitishe hilo gari, aninunulie jokofu, kwa kuwa mimi bado nina kazi ya kufanya hapa duniani. Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayeagiza chumvi. Nilishika mguu ule nikashindwa kuendelea. Kesho yake nilikwenda dukani nikalia mbele ya wateja, na sijutii.

Basi wiki iliyopita wakapiga simu. Limefika. Nilimtoa shemeji yako kwenye kiti kile karibu kwa nguvu, nikalifukua shati, nikaita teksi. Na mshonaji nikamchukua makusudi, nikamlipia nauli, akaone kwa macho yake kesho imefika.

Dada, gari lilikuwa zuri. Rangi ile, ungedhani limepakwa jana kama hina ya bibi harusi. Viti bado vina nailoni. Shemeji yako alilizunguka na fimbo yake, akagusa taa, akagusa kioo. Muuzaji akamfungulia mlango. Akaingia, akaweka mguu wake mbaya ndani kwa mikono miwili, akashika usukani, akafumba macho kidogo. Nilimtazama mshonaji. Alikuwa anafuta jicho, na mimi nilishafuta yangu.

Halafu nikaona shemeji yako anatafuta kitu chini kwa mguu wake mzima. Anatafuta, hapati. Akainama kutazama. Alipoinuka uso ulikuwa umetulia mno, akauliza kwa upole ni nani aliyewaambia kuhusu mguu.

Pedali ya mafuta ilikuwa imewekwa kushoto, Dada. Kushoto ndiko uliko ule mguu uliolala kama kuni. Wametengeneza gari la mtu aliyeumia mguu wa kulia.

Niliwaka. Nilimwambia muuzaji kiwanda chao hakijui kulia wala kushoto, na kwamba tumengoja mpaka tumeota mvi kwa ajili ya uzembe. Hakunijibu kwa ukali hata kidogo. Alifungua kompyuta yake, akanionyesha picha ile ile aliyonionyesha siku ya kwanza, miguu miwili na pedali, akaniomba nimwonyeshe tena mguu mbaya. Nikaonyesha kwa kishindo, pale pale nilipoonyesha mwanzo. Shemeji yako akatazama kidole changu, akatoka garini pole pole, akaniambia niketi mahali pake.

Nikaketi. Akasema nitazame miguu yangu mwenyewe, kisha nitazame picha.

Dada, picha ile imechorwa kama inavyoonwa na aliyekaa kwenye usukani. Na mimi ule mguu sijawahi kuuona kutoka hapo. Kila jioni nakaa chini kwenye kigoda, nimemwelekea, mguu mbaya uko upande wa mkono wangu wa kulia. Ndiko nilikoonyesha. Muuzaji aliniuliza siku ile kama nina hakika, akaniuliza tena, nikamwambia mguu huo nimeolewa nao kabla yeye hajazaliwa. Basi hakuna kiwanda kilichokosea, wala meli, wala bandari. Ni mimi na kidole changu.

Na bado hujasikia. Shemeji yako aligeuka akaelekeza fimbo mlangoni, akauliza lile nalo likoje. Muuzaji akajikohoza, akasema lile ni la otomatiki la kawaida, halina klachi, linaendeshwa kwa mguu wa kulia peke yake. Yaani lile la maji ya kufulia, lililofanywa meza ya mkoba wangu muda wote huu, ndilo lililokuwa linamfaa tangu siku ya kwanza. Tungeondoka nalo siku ile ile. Hakukuwa na cha kuagiza. Hakukuwa na cha kungoja.

Nilibaki nimeketi kwenye gari langu zuri, mikono mapajani, sina pa kuiweka sura. Nilingoja anifokee, na nilitaka anifokee. Yeye akaanza kucheka. Alicheka akashika mlango, akacheka mpaka fimbo ikaanguka na mshonaji akamwokotea. Sijamsikia akicheka hivyo tangu siku ya gogo. Muuzaji alipoanza kuomba radhi, shemeji yako akamwambia hapana, asimlaumu mtu, mke wake hajawahi kumtazama kutoka nyuma, kila siku yuko mbele yake, chini, na chupa ya mafuta mkononi. Nikalia tena, pale pale dukani. Nadhani sasa wamenizoea.

Akaomba alijaribu lile la mlangoni. Walilisukuma nje, wakalifuta vumbi na alama ya mkoba wangu. Akazunguka nalo ua wa duka mara moja, polepole, kisha tena, kisha akawa hataki kutoka. Mkono mmoja kaegemeza dirishani kama zamani. Ndilo tulilorudi nalo nyumbani. Mshonaji hakusema lolote njia nzima ya kurudi, na kwangu hiyo ilikuwa mbaya kuliko kusemwa.

Gari langu limekwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo yetu, ambaye mguu wake wa kulia kweli ndio ulioumia, naye alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Alipopigiwa simu alifika kabla nailoni haijatolewa. Akauliza ni nani aliyechagua rangi nzuri kiasi hiki. Nikamwambia ni mimi. Hilo angalau nilipata. Mwanao nilimweleza kwa simu, akacheka mpaka zege likamngoja.

Kwa hiyo ukija utalikuta gari uani, na shati la buluu limetundikwa mlangoni. Mazoezi yamerudi, anahesabu kwa sauti. Nina ombi moja tu kwako. Watu wakiuliza rangi, waambie inaitwa fedha, na kwamba mimi ndiye niliyeitaka. Mshonaji ameniahidi atanyamaza, ingawa nimelazimika kuagiza kwake nguo mbili nisizozihitaji.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto wote na wake zao, na yule wa meno mbusu kwa niaba yangu. Mwanao anakuja, ameomba ruhusa darajani, na wewe usiniletee habari za magoti. Shukeni stendi saa nne asubuhi, msipande chochote, shemeji yako atawafuata mwenyewe. Kiti cha mbele ni changu, wewe utakaa nyuma na wajukuu. Nawangoja nyote, bila kukosa hata mmoja, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Mimi mdogo wako,
Mama Kesho