Moshi Mweupe wa Gari la Baba Yako

Nyumba ya Nyuma ya Kinu,
Suame, Kumasi.
14 Januari 2012

Mpendwa mjukuu wangu Afriyie,

Hujambo, mama? Umekula? Naambiwa huko Hamburg baridi inakata masikio. Vaa kofia, urembo utangoja. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu aliyemzika mwanawe. Goti la kushoto linanisema kila asubuhi, na vumbi la harmatani, huu upepo mkavu wa jangwani, limenikausha midomo hata nikicheka inapasuka. Hilo si tatizo, sicheki sana siku hizi. Shangazi yako Pokuaa hajambo. Kuku hawajambo, ila yule jogoo mwizi tulimla Krismasi.

Anayeniandikia ni Bi Serwaa, mke wa katekista. Nimemwambia asinilainishie maneno. Ningekupigia simu, lakini kila nikitaja jina la Yeboah unakata. Barua haikatwi.

Basi nisikilize. Gari la marehemu baba yako hakuliharibu Yeboah. Nililiharibu mimi.

Unakumbuka siku ya arobaini ya baba yako Baffour. Kwa desturi yetu mali ya mwanamume humwendea mtoto wa dada yake, na Yeboah wa Pokuaa ndiye mwenye haki. Alisimama mwenyewe mbele ya wazee akasema gari liachwe kwa Afriyie. Kaka yangu Agyapong, unamjua mdomo wake, akaweka sharti: likifika ukumbusho wa mwaka likiwa linatembea, ni la binti. Likifa, liuzwe kwa wanunua vyuma. Tangu hapo Yeboah akawa anakuja kila Ijumaa kuliwasha, lisilale likasahau kazi.

Mwezi wa tisa nikaona maji yanadondoka chini ya rejeta, tone, tone. Nikaogopa. Ningesema, Agyapong angesikia. Ndipo nikamkumbuka babu yako enzi za lori lake. Tulikwama njia ya Tamale, rejeta imetoboka, akamimina unga wa muhogo ndani, ukavimba, ukaziba, tukafika. Nami nikachota vikombe vitatu vya unga, nikavimimina. Tone likakoma. Nikajiona fundi mkubwa wa Suame nzima. Kumbe safari ile ya Tamale, kesho yake babu yako aliuosha wote na kuliziba tundu vizuri. Asubuhi ile mimi nilikuwa sokoni, hiyo nusu ya kazi sikuiona.

Ijumaa moja Yeboah akampeleka mama yake zahanati, gari likachemka njiani. Tangu siku ile, kila likiwashwa, moshi mweupe. Majirani wakasema ni umande tu. Moshi wa umande ni mwembamba, huisha kabla hujamaliza kumsalimia mtu. Huu ulijaa uani hadi nguo kwenye kamba zikapotea, tena haukuisha. Haukunuka mafuta, ulinuka kama sufuria ya maji iliyosahauliwa jikoni. Na maji ya rejeta yalikuwa yanapungua wakati chini pakavu.

Habari zikakufikia huko, ukampigia Yeboah. Aliiweka simu kwenye sauti kubwa ili nami nikusalimie. Nikakusikia ukimwambia ameliua gari la baba yako ili alirithi. Nilikuwa nachambua majani ya mchuzi. Nikaendelea kuchambua. Hata mikono haikusita, Afriyie. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si unga.

Tukamwita Masta Ntiamoah, aliyejifunza kazi pamoja na baba yako. Akachomoa kijiti cha oili, oili ina rangi ya chai ya maziwa. Injini ikiwa baridi akafungua kifuniko cha rejeta, akawasha, mapovu yakapanda kama uji. Akasema maji yanaingia injini na kutokea bomba la moshi yakiwa mvuke: gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya injini na kifuniko chake, imeungua. Akaifungua hedi, akaipeleka kusawazishwa maana joto lilikuwa limeipinda, akaweka gasketi mpya. Bolti alizikaza kidogo kidogo, akianzia katikati kwenda nje, zamu tatu, kwa subira ambayo sikumjua nayo. Akamwaga oili yote chafu.

Alipofika kwenye rejeta, likatoka donge la muhogo lililoziba njia za maji, zito, limechacha. Ntiamoah akacheka mpaka akakaa chini. "Nani kalipikia gari chakula?" Kisha akaniona uso, akarudi kazini.

Yeboah alikuwa anafuta spana. Hakuinua kichwa.

"Nana, nilijua tangu siku lilipochemka. Nilifungua kifuniko nikaukuta unga."

"Sasa mbona hukumwambia Afriyie?"

"Kampoteza baba, Nana. Nikimpotezea na bibi, atabaki na nani?"

Mimi mwenye mdomo huu unaoujua, nilichukua kitambaa nikamsaidia kufuta spana.

Gari sasa linawaka. Asubuhi linatoa pumzi nyembamba mara moja, basi, bomba linabaki safi. Hata Agyapong kalizunguka mara mbili akakosa la kutukana. Ni lako.

Ila Yeboah kaenda Tarkwa, kwenye migodi. Kaniachia ufunguo kwenye bakuli langu la chumvi, akasema kwenye ukumbusho hatakuja, asije mtu akasema kalifuata gari. Nimempigia, ananiitikia kwa adabu kama mgeni. Afriyie, nimezika mtoto mmoja. Huyu wa pili ananiondokea akiwa hai, kwa sababu ya kimya changu.

Ukumbusho ni Jumamosi ya tatu ya Februari. Namba yake Bi Serwaa kaiandika nyuma ya karatasi hii. Mimi nitukane utakavyo, nimestahili, ila anza na yeye. Kama kuomba radhi ni kuzito mdomoni, mwambie tu aje atuendeshe hadi makaburini kwa baba yako. Gari lile siliingii mpaka yeye ashike usukani. Nitakwenda kwa miguu, na goti hili hili.

Pokuaa anakusalimu, Masta Ntiamoah anakusalimu, na Bi Serwaa, ambaye sasa analia juu ya karatasi yangu. Mungu akufunike ulalapo na akuamshe na moyo laini.

Akupendaye hata ukimkasirikia,

Bibi yako, Nana Dufie

Hilo dole gumba hapo chini ni langu. Nimelibonyeza mwenyewe, usiseme maneno ni ya Bi Serwaa.